Joho Jipya la Bikira

Ilikuwa mwaka sabini na nane. Hapana, sabini na tisa, maana kanisa lile kongwe lilikuwa limeshaezekwa upya. Mama mshonaji, aliyeishonea sanamu ya Bikira Maria majoho kwa miaka ishirini, aliingia akaikuta imevaa joho jipya. Mahujaji wanalisifu. Roho ikamuuma.

"Nani kashona?" akamuuliza mzee mtunza kanisa.

"Wifi yako. Padri kasema upumzishe macho."

"Macho yangu yamemkosea nini?" Wifi mwenyewe kafundishwa na yeye, hata kutunga uzi!

Akapapasa pindo akitafuta kosa. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka kuliko yake. Akapiga magoti, akanong'ona: "Na wewe, Mama, hili ndilo unalolipenda zaidi?"