Siku Mwavita Alipocheka Kisiwani

Nakumbuka siku moja, enzi za Wabeleji, nilipopakia baiskeli ndani ya mtumbwi pale Nyangwe, niende nayo kutembelea kisiwa. Usicheke kwanza, mwanangu. Hapa Kasongo kijana mwenye baiskeli yake mwenyewe alikuwa mtu, na mimi niliipata kwa mgongo wangu, kwa kubeba mafuta ya mawese sokoni, bila kumaliza hata darasa la pili.

Nilikuwa nimemuoa Mwavita, binti wa Wamaza, watu wa mbali wasemao Kibangubangu. Tangu arusi hakucheka. Alijibu ndiyo na hapana, basi. Mwisho akaniambia wazi kwamba kamyo, lile lori la pamba, ikipita tena atapanda, arudi kwao. Mimi nikaona dawa ni matembezi.

Kisiwa kile, nakuambia, Mungu alikiweka katikati ya Lualaba siku ambayo moyo wake ulifurahi. Michikichi imeshuka mpaka ukingoni, nyavu zimeanikwa kama nguo za sikukuu, nyua zimefagiliwa mpaka unaona haya kukanyaga. Na watu wake! Mtumbwi haujagusa nchi, wako tayari ndani ya maji, wanatuvuta na kutuamkia kama ndugu waliopotea.

Wakaona baiskeli, ambayo kwao huitwa kinga.

"Kaka, hii kinga utaipeleka wapi?" akauliza mvuvi mmoja. "Ukikanyaga mara mbili, uko mu maji!"

Wakacheka wote, nami nikacheka, maana kicheko chao hakichomi. Nikaanza kumtembeza Mwavita, nikimweleza kila kitu: samaki huyu, mti ule, hata mambo nisiyoyajua. Mama Sikujua, mzee mwenye nyumba tuliyofikia, akanisimamisha.

"Weye bwana, tangu mulifika ni sauti yako tu. Huyu mutoto, sauti yake iko namna gani?"

Nikaketi pale pale. Si wengi walioweza kunifunga mdomo, waulize watu wa sokoni.

Kisiwani pale, mgeni mwanamke hatembezwi na mume. Wanawake humpa kitunga, kikapu cha kuvulia, naye huingia pamoja nao katika vidimbwi ambavyo mto huviacha ukipungua. Wakivua pamoja, amekwisha kuwa mtu wa pale. Wakamchukua Mwavita. Mimi wakaniachia samaki wa kuchoma, mtamu sijapata kuona.

Mara nikasikia kicheko nisichokijua. Ni Mwavita! Amelowa mpaka kichwani, kambale amemponyoka, anamtukana yule samaki kwa Kibangubangu, wenzake wameshika mbavu. Kumbe kwao alikuwa fundi wa kuvua kwa kitunga, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Wakati wa kurudi alisema njia nzima. Mpiga kasia hakupata nafasi hata ya kukohoa. Tulipokaribia Nyangwe nikajikaza, nikamuuliza.

"Na kamyo?"

"Ipite," akasema. "Lakini utanitafutia kitunga, na wanawake wa kuvua nabo. Mu nyumba yako iko biashara tu, watu hakuna."

Alibaki, mwanangu, na duka hili unalolisifu limesimama kwa mashauri yake.

Basi ukimleta mke kutoka mbali, usimtembeze kati ya mali zako. Mtafutie wanawake wenzake, umpe kazi ambayo mkono wake umeizoea, umuulize mambo ya kwao. Halafu ukae, unyamaze, usikilize mpaka mwisho. Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watu, na yule utakayemleta humo asihesabu siku za kuondoka. Amina.