Viatu vya Njumu na Maji ya Bahari

Sifa njema ni za Mola, aliyetutoa Unguja na masanduku mawili akatupa makazi London.

Leo mjukuu wangu ameanika viatu vyake vya njumu karibu na hita, na harufu ya ngozi iliyolowa imenirudisha ufukweni.

Sisi Wahindi wa Unguja tulikuwa hatujaiona bahari tangu tuhamie Kenton, mtaa wa London, hadi siku moja tulipokwenda ufukweni wa Kiingereza. Kaka yangu alikuwa amechaguliwa kuchezea timu ya mpira ya chuo, na msimu ulikaribia. Baba hakuwa amemruhusu, kwa kuwa mechi zilikuwa Jumamosi na dukani alihitajika. Asubuhi nzima Kaka alikimbia mchangani na viatu vipya. Tuliposimama kuswali Adhuhuri, alivivua karibu na maji.

"Viache hapo," Baba alisema. "Kwa mwezi huu maji hayajai mpaka jioni."

Kwetu Unguja hakuwahi kukosea kuyapima maji kwa mwezi wa angani.

Tulipotoa salamu, viatu vilikuwa vinaelea. Kaka alimtazama Baba. Baba akaingia majini na suruali yake ya pasi, maji yakamfika kiunoni, akarudi navyo.

"Mwezi wako umebaki Unguja, bwana," Mama alimwambia, akimpa khanga ajifute.

Baba alicheka, akamkabidhi Kaka viatu. "Vikaushe polepole, mbali na moto. Jumamosi nitafungua duka na mama yako."

Tulikula kachori zenye mchanga, tukihesabu siku za kuanza msimu.

Nimeinuka sasa hivi kuvisogeza viatu vya mjukuu mbali na hita. Nawe unayesoma, Mungu akujaalie mtu wa kuingia majini kwa ajili yako.