Ngiri ya Baba Kitonga

Nzula Nthiwa hamwamini mtu. Maziwa huyanusa hata kama yamekamuliwa mbele ya macho yake. Mhubiri akisema ameoteshwa jambo, yeye hutaka kujua alikula nini kabla ya kulala. Huko Dagoretti majirani wamemzoea, na kazini kwake, katika hospitali moja ya kibinafsi ya Upper Hill, tabia hiyo ndiyo iliyompandisha cheo.

Kazi yenyewe ni kuyapa magonjwa misimbo. Ukisema "koding" mtaani, watu hukuletea simu zilizoharibika, kwa hivyo yeye hueleza tu kwamba daktari akishaandika ugonjwa, yeye huugeuza kuwa herufi na tarakimu ili kompyuta zote zisome kitu kimoja. Ngiri ya kinena, ile ya utumbo kupenya ukuta wa tumbo na kuvimba juu ya paja, ina msimbo wake. Ikikwama huko nje ikaziba, msimbo hubadilika. Hapo kwenye kuziba ndipo Nzula hukunja uso.

"Ameziba, ama ameandikwa tu ati ameziba?" humwuliza Stellah wa meza ya pili. Kisha huanza kusaka ushahidi: mgonjwa ametapika? Tumbo limefura? Anapitisha hewa? Anayejamba hajaziba, husema Nzula, na faili humrudia daktari. Daktari Urvashi, mpasuaji, amerudishiwa nyingi hadi siku hizi wakikutana kwenye lifti hawasalimiani.

Sasa, mumewe mwenyewe, Mwau, alikuwa na ngiri. Yeye ni mbeba nyama kichinjioni, nusu ng'ombe begani, na miaka yote hiyo ngiri alikuwa akiirudisha ndani kwa vidole kama mtu anayechomekea shati. Upasuaji aliuahirisha kila mara, ila ngiri ilimfaa sana siku za shughuli za ukweni. Siku ya mazishi ya mjomba wa Nzula ilimuuma vibaya mno. Jioni Nzula akamkuta penye kona ya mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama, anatafuna, kachumbari kidevuni. Mutura ule hakuwahi kumsamehe.

Ikafika Jumamosi ambayo mbuzi wa ntheo, yaani posa ya kwao Ukambani, walikuwa waletwe mtaani Karen kwa dadake Nzula. Mama yake Nzula alifika mapema kutoka Machakos ili waende pamoja, akaketi sebuleni na kikombe cha chai. Mwau akatoka bafuni ameshika ukuta, akamfuata mkewe chumbani.

"Mama Kitonga, hii kitu imekwama. Imekataa kurudi."

Imekwama! Kwa Mwau kila kitu hukwama: mtandao, mlango, hata ng'ombe. "Inajua kuchagua siku," Nzula akasema, akifunga kilemba.

"Si mchezo, aki. Nipeleke hosi."

Ndipo akaanza kumhoji vile anavyohoji faili. "Umetapika?"

"Bado."

"Umepitisha hewa?"

Mwau akatazama pazia. Upande wa pili, hatua chache tu, mama mkwe alikuwa akinywa chai. Wakamba wana nthoni, haya kubwa kati ya mtu na mama wa mkewe. Mwau hajawahi hata kutafuna mbele ya mama huyo, sembuse kutaja ushuzi akisikia. Mwanamke anayemwuliza mumewe swali hilo mahali kama hapo anaomba uongo, na uongo akapewa.

"Nimepitisha," Mwau akanong'ona ili maswali yakome, macho sakafuni.

Nzula aliyaona macho yale akayasoma kama ya mwizi. "Basi haijaziba. Kunywa uji, ulale."

Kule Karen mbuzi walikuja, vigelegele vikapigwa, lakini yeye hakutulia kwa hasira. Mchana akampigia simu. "Niko," Mwau akajibu. Nzula akatega sikio asikie kelele za kona ya mutura. Hakusikia kitu. Akajiambia kwamba leo amejificha vizuri.

Walirudi jua likizama. Mwau alikuwa sakafuni jikoni, matapishi ya kijani mbele yake, na uvimbe kinenani umekuwa mgumu, mwekundu wa kuelekea weusi. Nzula akaganda mlangoni. Mama yake ndiye aliyempita, akapiga magoti, akakipakata kichwa cha mkwe wake kana kwamba nthoni haikuwahi kuwapo.

"Mtoto wa watu anakufa, na wewe umesimama!"

Walimkimbiza hospitalini kwa kina Nzula, na zamu ya usiku ule ilikuwa ya Daktari Urvashi. Akaubonyeza uvimbe kidogo tu, akaita chumba cha upasuaji, kisha akamgeukia Nzula.

"Ilikwama saa ngapi?"

"Alisema asubuhi," Nzula akajibu. Alisema. Hilo neno lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Alingoja daktari amsute kwa faili zote zile. Daktari hakuwa na wakati wa kumsuta.

Mwau alipona, ila kipande cha utumbo wake kilikuwa kimeoza, kikakatwa. Faili yake alipewa Stellah, kwa maana mtu haruhusiwi kuandika msimbo wa mumewe. "Nimeweka nukta nne," Stellah akamwambia kwa sauti ya chini, na Nzula hakuhitaji maelezo. Ngiri ya kinena iliyoziba tu ni nukta tatu. Utumbo ukishakufa ni nukta nne, na kuziba hakuhesabiwi tena, kufa kumekufunika. Asubuhi ile, kabla ya Karen, mumewe alikuwa nukta tatu. Nzula alilia chooni, akanawa uso, akapanda wodini.

Mpira wa kufyonza uchafu wa tumboni ulikuwa umetolewa puani mwa Mwau, na sauti yake ilikwaruza.

"Mama Kitonga. Uliniamini saa ngapi?"

Nzula akatafuta uongo mzuri, akaukosa. "Nilipoona umetapika."

Mwau akaitikia kwa kichwa. "Si pale niliposema."

Nzula akamshika mkono. Mwau hakuutoa, lakini vidole vyake havikumshika.