Pikipiki ya Chirau Yarudi Mkongani

Goti la Chirau wa Msambweni halikuharibiwa na pikipiki. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana mkewe Esha aliisingizia pikipiki ile kwa kila jirani. Goti liliharibika uwanjani, sikukuu ya Idi mwaka wa hamsini na tano, waume za watu walipocheza kandanda na makapera. Masika yalikuwa yamelowesha uwanja, na mtu wa miaka arobaini na miwili akajiona bado kijana. Aligeuka, mguu ukabaki. Daktari mmoja Mhindi kule Mombasa alimwambia kano za goti zimekatika. Akampasua, akazishona, akamtia plasta kutoka pajani hadi kifundoni, kisha akamrudisha kwake akalale.

Chirau alikuwa fundi wa cherehani. Pikipiki aliinunua kwa Mzungu wa shamba la miwa aliyekuwa akirejea kwao, nayo ilimfikisha Diani, Shimoni na Kwale, kokote kulikokuwa na cherehani mgonjwa. Lakini watu walimjua zaidi kwa kazi asiyolipwa, ya kupeleka habari za misiba. Maiti hakawii, mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini, na jamaa wa mbali asipoambiwa mapema hukuta kaburi limeshafukiwa. Chirau alikuwa tayari kuiacha cherehani imefunguliwa tumbo akaondoka. Na alikuwa na desturi yake: hasemi akiwa juu ya kiti cha pikipiki. Hushuka, akasalimu, akaketi, akamketisha na mwenyeji, ndipo aseme. Kisha humngoja mtu alie, hata kama ana vijiji vitatu bado mbele yake.

Kazi ya Mungu haina makosa, na haina miadi pia. Mama yake Chirau, aliyekuwa akiishi nao, alifariki alfajiri ya Ijumaa moja, mwanawe amelala na plasta yake, mguu juu ya mto. Dada yake mkubwa, Mwanaima, alikuwa ameolewa Mkongani, ng'ambo ya vilima vya Shimba, na binti ndiye amwoshaye mamaye. Chirau akamwita dirishani mtu wa kwanza aliyepita na baiskeli, mchuuzi wa samaki asiyemjua vizuri. Akamwelekeza, akamwambia, "Kimbia, ndugu yangu, usisimame popote."

Mchuuzi akakimbia kweli, lakini njia ni ndefu na vilima ni vilima. Mwanaima alifika kwa miguu jua limeshazama, mama yake ameoshwa na mikono ya wengine na kuzikwa. Akakaa matanga siku tatu. Chirau akamwambia, "Shikamoo, dada." Hakuitikia. Akarudia kesho yake, hakuitikia. Siku ya nne Mwanaima alifunga kibunda chake akaenda zake, na kila salamu aliyopelekewa tangu hapo haikurudi na jibu. Goti lilimuuma Chirau, lakini hili lilimuuma zaidi.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka umekonda kama wa kuazima. Daktari alimwagiza afunge kifuko cha mchanga mguuni, aunyanyue mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Esha alihesabu kwa sauti, maana alimjua mumewe: akiachiwa mwenyewe, kutoka ishirini huruka hadi arobaini. Mwezi wa Novemba daktari akamruhusu ajaribu pikipiki, polepole.

"Utarudi kwenye plasta, mume wangu," alisema Esha. "Na safari hii sihesabu."

"Nakwenda Mkongani, Esha. Dada yangu haitikii shikamoo yangu."

Chirau akaikanyaga pikipiki kuiwasha, kwa mguu uleule ulioshonwa, wa kulia, maana kiwashio kilikuwa upande huo. Mara ya kwanza goti likamkumbusha lilipotoka. Mara ya pili jasho likamtoka na macho yakaingia ukungu. Basi yule mwanamke aliyeapa hatoligusa dude lile akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Kaa juu, nikusukume." Akasukuma huku akiilaani pikipiki, aliyeiunda, na aliyebuni kandanda, mpaka ikanguruma.

Chirau hakuthubutu kuizima tena. Hadi Diani aliendesha kama bibi harusi, kila shimo akilikwepa. Alipoanza kukipanda kilima cha Kwale, gurudumu likateleza kwenye changarawe. Akatupa mguu chini bila kufikiri, na goti likashika. Likashika kweli! Alicheka peke yake barabarani, akamshukuru Mungu, na daktari, na mchanga wa Msambweni.

Alichosahau ni kimoja. Mkongani hakukuwa na cherehani hata moja. Pikipiki ile haikuwahi kufika huko ila kwa kifo.

Mlio uliposikika, jembe la kwanza likaanguka shambani, kisha la pili. Alipoingia uani kwa Mwanaima, wanawake saba walikuwa wameshaweka mikono kichwani wanalia, na mzee mmoja ameanza kuuliza sanda itapatikana wapi. Chirau akapaza sauti, "Hakuna msiba! Hakuna!" Lakini injini ilimzidi, na waliomwona akipunga mkono walilia zaidi. Ikambidi aizime.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Nimekuja kumwamkia dada yangu."

Vilio vikakatika, wengine wakaanza kununa kwa machozi yao yaliyopotea bure. Mwanaima alisimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Shuka kwanza," alisema Mwanaima.

Chirau akajaribu, goti likawa limekakamaa kwa safari. Dada yake akaja, akamshika kwapani kama alivyomshika akijifunza kutembea, akamketisha kwenye kitanda cha kamba.

"Wadhani nilikasirika kwa sababu sikumwosha mama," alisema. "Hilo nilimwachia Mungu. Nilijua una plasta. Lakini yule uliyemtuma, Chirau, hakushuka kwenye baiskeli yake. Alipiga kengele, akasema, 'Wewe mama, mama yako amekufa Msambweni,' akaenda zake. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikatoka kumwuliza amekufa vipi, nikaona mgongo wake tu. Watu baki wote wa pwani hii unawaketisha. Mimi nimeambiwa nimesimama."

Chirau alikumbuka maneno yake mwenyewe dirishani, usisimame popote. "Nisamehe, dada. Nilitaka haraka. Nilisahau mengine yote."

Mwanaima akaketi kando yake, akatandaza kanga magotini.

"Basi niambie wewe," alisema.

Chirau akamgeukia. "Dada, mama hatunaye tena. Alifariki Ijumaa baada ya sala ya alfajiri. Hakuteseka. Aliomba chai, akaninywesha mimi kwanza, akasema wewe ndiye uliyekuwa ukimtilia iliki ya kutosha. Kisha akalala upande wa kibla, hakuamka."

Mwanaima akalia. Alilia kama mtu aliyeambiwa saa hiyo, na wale wanawake saba wakarudi mmoja mmoja, wakaketi chini kumzunguka. Na Chirau akamngoja dada yake alie mpaka amalize, kama alivyokuwa akiwangoja watu wengine wote.