Uliza Jiko Limechoma Nini

Mwanangu Neema, picha zako za majiko zimefika. Mama yako mkubwa alinishikia simu nikazitazama moja moja, nikacheka, kisha nikanyamaza, maana zimenirudisha kwenye siku moja ya kiangazi pale Chang'ombe ya Dodoma ambayo ningependa sana kuisahau nayo imekataa. Nitakusimulia. Lakini kwanza nikujibu ulichouliza, usije ukawaambia wenzako kwamba baba mkubwa amezeeka, akiulizwa jiko anajibu hadithi.

Unasema wewe na mwenzako Zuhura mnataka kuchoma nyama ya kuuza Jumamosi na Jumapili hapo Area D, kwa jiko hili la siku hizi linalokula vidonge vya maranda ya mbao badala ya mkaa. Sawa. Mimi nimesimama kwenye mkaa miaka mingi na macho yangu ni shahidi, kwa hiyo mtu anayekimbia moshi simcheki. Nililiona moja Miyuji kwenye sherehe ya ubatizo. Mwenye nyumba alimimina vidonge kwenye sanduku la pembeni, vidogo kama chakula cha sungura, akabonyeza kitufe, akaenda kukaa na wageni wake. Jiko likawa linajilisha lenyewe. Nikasema moyoni, basi, sisi wachoma nyama kazi yetu imekwisha. Punde umeme ukakatika, feni la ndani likanyamaza, na yule bwana na suti yake akapiga magoti kupuliza kwa mdomo. Nilicheka mpaka mama yako mkubwa akanifinya.

Kwa hiyo uliza kwanza: umeme ukikatika, jiko hili linafanyaje? Kama halina betri ya akiba, muwe na jiko dogo la mkaa pembeni na msione aibu. Pili, vidonge vinauzwa wapi, na vimetokana na mbao gani? Maranda ya mbao zilizopakwa rangi au gundi yasiguse chakula cha mtu. Vikilowa vinafumuka vinakuwa unga, basi nunua ndoo yenye mfuniko unaobana. Tatu, gonga bati lake. Likilia kama debe tupu, liache, upepo wetu wa Dodoma utalipoza kabla paja la mbuzi halijaiva. Na hivyo vikorokoro vyake usivichukue vyote kwa sababu vinang'aa. Turubai la kulifunika nunua, kwa ajili ya vumbi. Ile sindano ya kupima joto ndani ya nyama nayo nunua, ni kitu cha maana, sisi tulikuwa tunapima kwa kidole na kidole kinadanganya. Trei ya kukinga mafuta. Brashi ngumu, ila uivute nyaya kwanza uone kama zinang'oka, maana waya kwenye koo la mteja si mchezo. Taa ya rangi rangi ya kubandika kwenye mfuniko, hiyo waachie wenye fedha za kuchezea. Kuhusu koleo, usinunue bado. Nitakuambia kwa nini.

Kilichonikata kicheko ni picha ya mwisho. Jiko kubwa, lililokwisha kutumika, linauzwa na bwana anayehamishwa kikazi, pamoja na koleo lake, visu vyake na ubao wake wa kukatia, bei ya kutupa. Na chini yake umeandika kwamba limetumika kidogo tu, na kwamba hutaki kumsumbua kwa maswali asije akamuuzia mwingine. Hapo, mwanangu, niliwekwa tena kwenye viatu vyangu vya ujana.

Nilikuwa kijana wa Kigogo niliyetoka kijijini nikiwa na mikono yenye nguvu na mdomo mwingi. Kuchoma nilijua. Nilichokosa ni nyama na mahali. Vyote viwili nilipewa na Mzee Swalehe, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa na bucha Chang'ombe. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi, na watu wa kwao walikuwa wakipita mabucha mengine wakaja kwake kwa sababu walijua kisu chake kimetaja jina la Mungu. Aliniona nikichoma kwenye msiba mmoja, akaniita, akaniambia nisimame mbele ya bucha lake: mbuzi wake, moto wangu, tugawane. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, hakuniuliza dini, aliniuliza kama nimewahi kuunguza. Nilimwambia sijawahi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, lakini mdogo.

Akanituma nitafute jiko. Nikapata habari za mtu wa Miyuji aliyekuwa anafunga baa yake. Jiko la pipa lililopasuliwa katikati, wavu mzito, miguu imara, na juu yake akaniongezea koleo, brashi, kisu na ubao. Nililizunguka mara mbili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile jiko lilikuwa limejitembeza mpaka kwangu, ila nilikuwa kipofu kwa furaha. Sikuuliza limechoma nini. Tulipokuwa tunalipandisha kwenye mkokoteni ndipo yule bwana akasema mwenyewe, akicheka, kwamba wateja wake watalilia kitimoto chao.

Unajua kitimoto ni nini, na Zuhura anajua. Nguruwe.

Nilisimama pale mkono ukiwa kwenye kamba. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kwenda kwa Mzee Swalehe nikamwambia, mzee, nimepata jiko zuri ila lina jambo. Badala yake nilivuta kamba. Nikajiambia moto unasafisha kila kitu. Nikalisugua kwa mchanga na majivu, nikaliwashia moto mkali mpaka pipa likawa jekundu, na nikajiona mjanja. Mzee Swalehe alipolitazama aliuliza limetoka wapi. Nikasema Miyuji. Aliuliza lilikuwa la nani. Nikasema la bwana mmoja. Akatikisa kichwa, akaniamini.

Tulichoma. Biashara ilichanganya kweli kweli. Walikuja Warangi na Wagogo, walikuja wa ofisini na wa sokoni, wakakaa benchi moja, wakataniana kuhusu ugali wa uwele na mlenda nani anaujua zaidi. Nilikuwa nimevimba kichwa. Lakini kila Mzee Swalehe alipochukua kipande kutoka kwenye ule ubao na kukiweka mdomoni, mimi nilikuwa natazama pembeni. Njia ya mwongo ni fupi, Neema, na yangu ilifika mwisho mchana kweupe, benchi zikiwa zimejaa.

Yule bwana wa Miyuji alipita, akaliona pipa lake, akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Hakuwa na ubaya wowote. Akanisalimu kwa Kigogo, mbukwa, kisha akalipiga pipa kofi na kusema kwa sauti ya baa, "Kumbe jiko langu la kitimoto bado lina maisha!"

Mtu mmoja alitema alichokuwa anatafuna kwenye kiganja chake. Mama Mwajuma, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, alikuwa ameshika nyama iliyofungwa kwenye gazeti, anampelekea baba yake mzee kama alivyozoea. Aliiweka mezani polepole, akanitazama, akaenda zake. Mimi nilikuwa na koleo mkononi na sikujua pa kuliweka. Mwanangu, nimefiwa, nimeugua, nimelala njaa, lakini aibu ya mchana ule ndiyo ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu nafumba macho.

Mzee Swalehe alifunga bucha. Hakupaza sauti. Alinikalisha kwenye benchi tupu, akavua kofia, akaishika magotini.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kwenda. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii yote.

"Jiko lina dawa, mwanangu. Chuma huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kinakuwa safi. Ungeniambia siku ile, tungeliosha pamoja na tungecheka. Sasa hicho kimya chako, niambie wewe, nikioshe mara ngapi?"



Alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa ili asiongoze watu kwa kukisia, akarudi na neno lile lile. Basi tukaosha. Ilikuwa kiangazi, maji ya bomba yametoweka, na mimi nilibeba ndoo kutoka kioski cha maji mpaka mabega yakaota malengelenge. Udongo haukututaabisha, Dodoma yote ni udongo. Wavu tukauosha mara saba, na koleo, na kisu. Ule ubao aliukataa. Alisema mbao imekunywa mno, hataki kuubishia moyo wake, na brashi nayo akaitupa. Nilidhani kuosha ndiyo adhabu. Kumbe adhabu ilikuwa bado.

Siku iliyofuata alivaa kanzu, akaniambia twende. Tukapita nyumba kwa nyumba, kwa kila Mwislamu ambaye mzee alimkumbuka kwamba amekula kwetu. Yeye alibisha hodi, akasalimu, kisha akanigeukia niseme mimi. Nilisema mlango wa kwanza kwa shida, na wa mwisho kwa shida ile ile. Yeye aliongeza jambo moja tu kila mahali: waliokula bila kujua hawana kosa, na kosa alichukue na yeye kwa sababu hakuuliza maswali ya kutosha. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilimlisha janga mtu aliyenipa nyama na mahali pa kusimama. Wengi walisamehe. Mzee mmoja alinigombeza kisha akanikaribisha chai. Mama Mwajuma alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesikia, akafunga mlango. Hakununua kwangu tena mpaka alipohamia kwa mwanawe Kondoa, na sikuwahi kumlaumu. Si kila kitu kinarudi, Neema. Nilikuwa kijana, nilidhani kuomba radhi ni kama kulipa nauli, ukilipa unafika.

Mzee Swalehe hakuniacha. Tulichoma naye mpaka mikono yake ilipochoka na kisu. Ila baada ya siku ile kila nilicholeta aliuliza kimetoka wapi, hata kama ni kijiko. Na mimi nilijibu bila kununa, kwa sababu nilijua maswali yale niliyazaa mwenyewe. Pia alimwendea fundi wa vyuma, akanitengenezea koleo jipya refu lenye pete mwishoni, akaniambia hili halina historia, historia yake utaiandika wewe.

Sasa nasaha yangu ni hii, na uisome polepole. Mimi sikukatazi kununua jiko la zamani. Vitu vilivyotumika vina faida yake, na huyo bwana anayehamishwa huenda ni mtu mwema kuliko mimi. Lakini mpigie leo umuulize wazi: hili jiko limechoma nini, na hilo koleo limegeuza nini? Kuuliza si ujinga. Akikasirika, jiko limejijibu. Akikuambia limechoma nguruwe, hajakutukana, mila zake ni zake, na mimi mwenyewe mezani kwangu sikuwahi kumkataa nguruwe. Mshukuru, kisha nenda kwa Zuhura kabla hujatoa hata senti. Mwambie yote, yeye ndiye aseme kama linaoshwa au linaachwa. Majiko haya mapya yana feni ndani, na matundu, na mifereji ya mafuta ambayo hata mkono wa mtoto hauingii, na sijui udongo utapitaje humo. Nadhani ataliacha. Mkubali. Nunueni lile dogo jipya, mwanze na kuku.

Usiogope kwamba maswali yatakukosesha jiko. Majiko yapo, kila wiki mtu anahama. Zuhura ni mmoja, na amekaa nawe tangu chuo, amekula kwako bila kuuliza sufuria yako imepika nini. Mtu wa namna hiyo usimtafutie cha rahisi. Rahisi ghali, na ghali yake hulipwa mlango kwa mlango.

Nilikuambia koleo usinunue bado. Kesho dereva wa bajaji wa hapa kwetu atakuletea lile la Mzee Swalehe. Pete yake imelegea kidogo, ila linashika vizuri kuliko yote yaliyo kwenye picha zako. Mwonyeshe Zuhura, mwambie limetoka kwa baba mkubwa, na mwambie kwamba tangu litoke kwa fundi halijagusa nyama ambayo yeye hawezi kula. Koleo la pili mtanunua wenyewe kwa ajili ya kushika wavu na trei, msichanganye.

Mungu awape moto usiowaunguza, mwanangu, na upepo wa Dodoma uwe upande wenu. Benchi lenu lijae watu wa kila nyumba. Na siku yoyote Zuhura akikuuliza kitu kimetoka wapi, Mungu akupe jibu lililo tayari mdomoni, usihitaji kutazama pembeni.