Jua Lililozama Zizini

Baba alitaka kitu kimoja tu katika nyumba mpya: baraza inayotazama zizi. Miguu ilikuwa imemgomea, malishoni haendi tena, na alichobakiwa nacho ni kukaa kitini jioni aone ng'ombe wake wakirudi.

Mimi mwanawe, niliyesomea ujenzi, nilirudi Kasoli na laptop na maneno mengi. Nilimweleza fundi wetu, aliyejenga nusu ya kijiji kwa kamba na jicho lake, kwamba siku hizi nyumba inajengwa kwanza ndani ya kompyuta. Ukisogeza ukuta, hesabu ya tofali na saruji inajibadilisha yenyewe. Fundi alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama inachanganya zege pia.

Siku moja kabla ya kuchimba msingi niliweka laptop juu ya ndoo iliyofunikwa, nikawaonyesha. Nyumba ilizunguka, bati likang'aa. Baraza ilikuwa mbele ya zizi kama nilivyoagizwa. Programu haikuwa na ng'ombe, kwa hiyo zizini niliweka farasi wanne.

"Hawa wamekatwa pembe na nani?" Baba aliuliza.

Nilijifanya sikusikia, nikabonyeza sehemu ya jua. Hapo ndipo nilipotaka kuwamaliza. Jua likapanda, vivuli vikatembea, saa ikafika kumi na mbili jioni, na jua likazama taratibu nyuma ya farasi wangu.

Baba alisogeza kiti karibu.

"Ng'wanone, mwanangu, zizi langu liko wapi?"

"Mashariki, Baba."

"Mashariki. Na jua la shuleni kwenu linazama mashariki?"

Hapo nikaliona kosa langu. Nilikuwa nimechora kila kitu vizuri, nikasahau kuigeuza ramani ifuate kaskazini halisi. Fundi alichukua karatasi nilizochapisha Bariadi mjini, akautazama ule mshale wa kaskazini, akageuka nao mpaka ukaelekea kaskazini ya uwanja wetu.

"Nikiufuata huu," alisema, "baraza itatazama magharibi, na mzee jioni atakuwa anaangalia choo."

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Mzee asiyejua kusoma alikuwa ameokoa baraza yake kwa kutazama jua la uongo mara moja. Niliona aibu, tena aibu kubwa. Nilirekebisha palepale wote wawili wakinisimamia, na kesho yake tukachimba.

Nyumba ilipokwisha, jioni ya kwanza Baba alikaa barazani, kivulini. Ng'ombe walikuja na vumbi lao, akawahesabu kwa Kisukuma mpaka wa mwisho akaingia. Alijifuta macho kwa kiganja. Kisha akaniita.

"Huku limeshazama. Hebu kaangalie kwenye kompyuta yako kama na huko limezama."

Nilicheka. Lakini nilienda kuangalia.