Herufi Nne za Ukutani

Baba yangu alikuwa fundi wa maandishi. Majina ya maduka ya Buyenzi, maneno ya nyuma ya malori, bei za saluni, yote yalipita mikononi mwake, na mpaka leo sijamwona mtu anayeandika Z ikasimama vizuri kama yake. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyotokea kwenye ukuta wa nyumba yetu yalitokea kwa sababu mtu hakujua kazi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Carama, vyumba vitatu na sebule, na matofali yake baba aliyapanga kwa mkono wake kabla mimi sijaanza shule. Vita vilipotufukuza kule kaskazini mwa mji, katikati ya miaka ya tisini, tulikimbilia Buyenzi na magodoro mawili, cherehani ya mama na makopo ya rangi ya baba. Mjane mmoja wa mtaa huo alitupangisha vyumba viwili vya nyumba yake. Tulisema ni kwa wiki mbili tatu, mpaka mambo yatulie.

Mambo hayakutulia, na baada ya miezi michache zikaanza habari za matapeli. Mtu amekimbia, nyuma yake anajitokeza mwingine na karatasi za uongo, anauza nyumba isiyo yake, na aliyenunua akifika na vitanda vyake anakuta wenzake wawili wameshainunua hiyohiyo. Ndipo watu wakaanza kuandika kwenye kuta. Baba alichukua kopo la rangi nyekundu ya mafuta, akaenda Carama asubuhi moja risasi ziliponyamaza, akaandika kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa herufi ndefu kama mkono wangu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mama alikaa mlangoni na tasbihi mpaka aliporudi, na aliporudi hakumsemesha siku mbili.

Maandishi yalifanya kazi yake. Mabati yaliibwa, milango ikang'olewa, hata fremu za madirisha zikaondoka, lakini hakuna aliyethubutu kuiuza. Kila mwaka, hali iliporuhusu, baba alikwenda kuyakoleza rangi. Wengine walikwenda kutazama makaburi ya wazee wao, yeye alikwenda kutazama ukuta.

Wiki mbili zile zikawa miaka tisa. Nilimaliza shule nikiwa Buyenzi, nikaanza kufundisha watoto wa darasa la pili, zamu ya asubuhi tu. Mama akawa na wateja wake wa kushona, na shoga zake, na msikiti wa karibu. Vita vilipoanza kuonekana vinachoka, baba akapata mabati, akaezeka nusu ya nyumba, akatia milango mipya, akatutangazia kwamba tunarudi. Alikuwa amefurahi kweli. Mama aliendelea kukata kitambaa chake, kisha akasema bila kuinua macho:

"Huko mi sirudi. We ukirudi, urudi na rangi zako."

Sikushangaa. Baba alikumbuka jinsi alivyoijenga ile nyumba. Mama alikumbuka asubuhi tuliyotoka, alivyoniziba macho kwa kanga yake ili nisitazame yaliyokuwa barabarani. Walikuwa wanaongea juu ya nyumba moja, lakini hawakuwa wanaona kitu kimoja.

Mwaka huo, kiangazi kilipoanza, mwenye nyumba wetu akatuambia anahamia Kigoma kwa watoto wake. Nyumba yake angeiuza. Kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa anaimezea mate, lakini mjane alimpenda mama, akatupa nafasi mpaka Idi. Baada ya Idi anapanda gari, na nyumba itakwenda kwa atakayekuwa tayari. Hesabu haikuwa ngumu: bila kuiuza ya Carama hatuwezi kuinunua ya Buyenzi, na bila ya Buyenzi tunarudi kuokota magodoro yetu na kuanza kuzunguka mji. Baba akakubali shingo upande. Aliomba jambo moja tu, kwamba ukuta ataufuta yeye mwenyewe.

Siku aliyotueleza mpango wake alikuwa kama mtoto aliyepata kichezeo. Hakuna haja ya kufuta sentensi nzima, alisema, sentensi nzuri namna ile. HAIUZWI lina herufi saba, na INAUZWA lina herufi saba. Ukibadilisha tatu za mwanzo na moja ya mwisho, basi, kazi imekwisha. Alituchorea kwa kidole kwenye unga wa muhogo uliokuwa kwenye ungo. Mimi nilicheka, mama akamwambia aache kuchezea chakula. Keshoye akaenda na chokaa, akazifunika herufi nne, akaandika nyingine nne juu yake.

Kisha tukampata komisioneri, maana ndivyo tunavyomwita dalali wa nyumba. Alikuwa mtu mwembamba, viatu vinang'aa hata katikati ya vumbi la Carama, na maneno yake yalitangulia mbele yake hatua kumi. Nusu isiyo na bati aliiita veranda. Kwa kuwa mchana nilikuwa huru, ufunguo ulikaa kwangu, na kila mteja nilimfungulia mimi.

Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa serikali kutoka Mutanga Nord, alikuja na mkewe. Ndani walipapenda. Wakati wa kutoka, mke alisimama mbele ya ukuta, akaupangusa kwa kidole. Chokaa ikamganda kidoleni, na chini yake ukatokea wekundu. Akapangusa tena. Herufi ya kwanza ya HAIUZWI ikaanza kuonekana, nene, imetulia mahali pake. Akaniangalia tangu miguuni mpaka kichwani, kama anavyoangaliwa mwizi, akamshika mumewe mkono wakaondoka. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kweli nilikasirika pia, maana nyumba ilikuwa yetu.

Nilimwambia baba. Akasema ah, chokaa ya siku hizi, wanaichakachua. Akaenda akapaka tena. Mteja wa pili naye alipita njia hiyohiyo, na wa tatu. Mvua ya kwanza iliponyesha, nilimkuta komisioneri amesimama peke yake mbele ya nyumba, mteja ameshamkimbia. Chokaa ilikuwa imetiririka mpaka chini, herufi mpya na za zamani zimekaliana, na hakuna msomaji duniani ambaye angejua kama nyumba inauzwa au haiuzwi.

"Dada," aliniambia, "hii nyumba yenu inabishana na mi. Mi nasema inauzwa, yenyewe inasema apana."

Wenzake, akasema, wameshaanza kumwita Haiuzwi kwenye mgahawa wao. Alinirudishia nakala za karatasi zetu, akainua suruali yake isiguse tope, akaenda zake. Mvua ya pili ilimalizia kazi, na HAIUZWI likabaki peke yake, safi kabisa.

Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika Idi. Nilirudi Buyenzi nikapitia kwenye kibanda cha baba, nimelowa na nimechukia. Alikuwa anafuta jina la mwenye lori wa zamani kwenye mlango wa lori lililouzwa. Aliusugua kwa msasa, akapaka rangi ya kwanza, akasubiri, akapaka ya pili, rangi ya mafuta, na lile jina likapotea kana kwamba halijawahi kuandikwa. Nilisimama pale nikitazama mpaka mwisho. Kopo la rangi hiyohiyo, nyeupe, lilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa chake. Na huyu ndiye mtu aliyeshindwa na herufi nne kwa miezi mitatu.

Nilimuuliza kwa nini Carama anapaka chokaa ya maji. Sikumuuliza kwa adabu sana. Aliosha brashi yake, akaikausha kwa kitambaa taratibu, halafu akanijibu:

"Nikiifuta muzuri, itauzishwa."

Nilimwonea huruma na bado nilikuwa nimemkasirikia, na sikujua nianze na kipi. Nilimwambia tu kwamba mama ameshapima mapazia ya nyumba ya mjane. Akasema anajua, ameyaona. Kwa mama sikusema kitu.

Ramadhani ilipoingia, mwenye duka alianza kupitapita akipima uwanja kwa hatua. Mama aliendelea kushona nguo za safari za mjane, na kila aliyoimaliza kushona aliikunja polepole zaidi ya iliyotangulia. Nilijua anaomba nini kila sala. Mimi niliomba hilohilo, halafu nikamwombea na baba, ingawa sikujua nimwombee kitu gani.

Alasiri moja akaja mwanamke mmoja mlangoni kwetu, mtu wa makamo, mfanyabiashara wa mchele, na tope la Carama bado limemkauka kwenye viatu. Hakuwa ameletwa na komisioneri yeyote. Alikuwa amepita njia, akasoma ukuta, akagonga kwa majirani kuuliza wenyewe wako wapi, na majirani wakamwambia kwamba wenyewe wako Buyenzi na tena wanataka kuuza. Mama alimkaribisha kiti, akaanza mara moja kuomba radhi kwa ajili ya yale maandishi, kwamba ni ya zamani, kwamba yatafutwa. Mgeni akamkatiza kwa mkono.

Alitusimulia habari zake bila kuzipamba. Walikuwa na nyumba na shamba Ruziba, karibu na ziwa. Walipokuwa kambini Tanzania, shemeji yake aliviuza vyote viwili, na waliporudi walikuta mtu mwingine anavuna mihogo yao. Mume hakudumu baada ya hapo. Tangu hapo alikuwa anatafuta nyumba, na alikuwa amezunguka kaskazini yote na makomisioneri.

"Nyumba yenye haiandikwe kitu, mi naiogopa," alisema. "Yenye iko na maandishi, iko na mwenyewe. Nani aliandika?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Akasema ni yeye. Mwanamke akamwambia kwamba hataki karatasi kwanza, anataka aende naye, asimame naye mbele ya nyumba, majirani wasikie kwa kinywa chake kwamba anauza. Baba akaenda kuvaa viatu.

Tulikwenda kesho yake. Nilitegemea aonyeshe haraka haraka na kutafuta sababu. Badala yake alimzungusha yule mama saa nzima. Alimwonyesha tofali lenye alama ya unyayo wangu wa utotoni, mahali maji yanapopita mvua ikizidi, ukuta wa jikoni ambao alilazimika kuurudia mara mbili. Hakuficha kasoro hata moja. Ile nusu isiyo na bati aliiita kwa jina lake. Majirani walikuja, akawaambia, na mzee wa nyumba ya pili akampa mkono yule mama akamwita jirani. Bei haikuwapotezea muda. Lakini yule mama alikuwa na sharti moja, akalisema akiwa ameushika ukuta.

"Hii maneno muniachie. Na mi siuzishi."

Wiki moja kabla ya Idi, karatasi zilitiwa saini palepale Carama mbele ya mashahidi. Mama akaondoka hapohapo na majirani wawili wa Buyenzi kwenda kwa mjane, mkoba wa pesa ameukumbatia chini ya kanga. Mimi nilibaki na baba, maana alikuwa amekuja na vyombo vyake. Alikwangua mabaki ya chokaa, akausugua ukuta, akauosha, akausubiri ukauke. Kisha akafungua kopo la rangi nyekundu ya mafuta na kuzirudia herufi zile nne, moja moja, H na A na I, na I ya mwisho, kila moja rangi mara mbili. Alikuwa amefunga na jua lilikuwa kali, lakini hakupumzika. Yule mama alitazama kazi yote akiwa amesimama. Ilipokwisha baba alirudi nyuma hatua chache kuitazama, akachukua ufunguo kwangu akampa yule mama yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. Nilijigeuza nikajifanya nafunga kopo.

Tulifika Buyenzi kabla ya futari. Mjane alikuwa uani anafunga masanduku, akatuambia mwenye duka amekuja akaambiwa amechelewa. Mama alikuwa anakoroga uji, macho mekundu, na nadhani haukuwa moshi. Alimwuliza baba alikuwa anafanya nini muda wote huo.

"Nilikuwa namuandikia mwenye nyumba," baba akajibu.

Mama aliacha kukoroga. Alimtazama usoni, akatazama vidole vyake vilivyojaa rangi, kisha akalichukua lile kopo mikononi mwangu, akalifungua, akachungulia ndani.

"Hii yenye imebaki," alimuuliza, "itatosha ukuta wetu?"